Nukta Sitini na Tatu

Ijumaa ya nne ndipo Mama Pacha alipoanza kuwatilia shaka watu wa kundi la kijani. Walikuwa wamekaa pembeni mwa skrini, nukta sitini na tatu, zimebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi, hazina hata upenyo wa kupitisha uzi. Makundi mengine yalitawanyika. Wekundu, wale wafanyabiashara waliokataa soko lao lihamishwe, walikuwa wametapakaa upande mzima wa kushoto, maana kila mmoja alikataa kwa sababu yake: huyu ana mguu mbovu, yule wateja wake ni wauguzi wa hospitali ya jirani, mwingine kakataa kwa sababu tu hakuulizwa mapema. Wa bluu, ambao walikuwa hawajaamua, walielea katikati. Ni hawa wa kijani tu, waliokubali, waliosema kwa mdomo mmoja.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Ofisi yao ilipewa kazi ya kukusanya maoni ya watu wa soko kuu kuhusu mpango wa kulihamishia nje ya mji. Wahojaji kumi na sita walizunguka na vishikwambi mkononi, wakiuliza na kuandika majibu humo humo. Majibu yakifika ofisini, Mama Pacha aliyaingiza kwenye programu iliyoyapanga kwa kufanana. Kila mtu nukta moja. Wanaosema yanayokaribiana wanakaa karibu. Kisha kila Ijumaa aliandika ukurasa mmoja ulioitwa Tafakari ya Wiki, kueleza picha ile inasema nini. Katika tafakari ya kwanza aliandika: "Kompyuta haiwajui watu hawa. Inajua tu nani anafanana na nani." Mkuu wa kitengo aliipigia mstari sentensi hiyo, akaisifu, kisha akaifuta.

Mkuu huyo vijana wa ofisi walimwita Bwana Rangi, kwa jinsi alivyopenda michoro ya rangi. Siku zote alisoma akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi.

"Hawa wa kijani wamezidi kufanana," Mama Pacha alimwambia Ijumaa ile.

"Dada, watu wakikubaliana nalo ni kosa?"

"Watu sitini na watatu, Mkuu, na wote wamesema 'soko jipya litaleta nafuu kwa mfanyabiashara mdogo.' Neno kwa neno. Hata wanakwaya hukosea mmoja mmoja."

"Mteja amelipenda sana kundi hilo. Ndilo linaloonekana wazi kuliko yote kwenye mchoro."

"Ndiyo maana linanitia wasiwasi."

Bwana Rangi aliipuliza chai yake. "Wasiwasi hauna rangi, dada. Wewe andika kinachoonekana."

* * *

Jumamosi alimpelekea mumewe chakula sokoni. Baba Pacha alikuwa fundi wa makufuli, na benchi lake lilikuwa karibu na lango la tatu, ubavuni mwa wauza ndoo. Nyuma yake alitundika ubao wenye misumari, na kila msumari ulining'iniza ufunguo wa akiba wa mtu fulani: wa muuza unga, wa mama wa vitambaa, wa kinyozi. Chini ya kila ufunguo aliandika jina la mwenyewe kwa herufi kubwa tupu, kwa kuwa hakuwahi kuzizoea ndogo. Mtu akipoteza ufunguo wake, alikuja kwa fundi. Soko zima lililala usingizi kwa sababu ya ubao ule.

Mama Pacha aliweka bakuli, akaaga kwamba anatafuta vitunguu. Hakwenda kwenye vitunguu moja kwa moja. Kila fomu ilikuwa na safu na namba ya kibanda, na zile za kijani zote zilitoka safu ya saba, kuanzia kibanda cha ishirini na tano mpaka cha themanini na saba. Aliifuata safu ya saba akihesabu kwa vidole ndani ya kanga. Kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, ishirini na mbili. Mbele yake kulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta mtaro.

"Unahesabu nini, mama?" Muuza vitunguu wa kibanda cha mwisho alikuwa anamtazama bila kupepesa.

"Nilidhani safu hii inaendelea."

"Iendelee iende wapi, mtaroni?" Yule mama alijifuta mikono. "Si wewe mke wa fundi? Si wewe unayefanya kazi kwa hao wanaouliza maoni? Basi nikwambie. Kwenye safu hii hajafika mtu kuuliza chochote. Tunasikia tu kwamba tumekubali. Tumekubali lini, na kwa mdomo wa nani?"

Mama Pacha alinunua vitunguu ambavyo hakuvihitaji. Aliporudi benchini, mumewe alikuwa anasugua ufunguo kwa tupa.

"Baba Pacha, safu ya saba iliwahi kuwa na vibanda zaidi ya thelathini?"

Tupa ikasimama. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Anayeuliza tu ana lake jambo." Akaupuliza ufunguo vumbi la chuma. "Ishirini na mbili. Tangu soko lilipoanza."

* * *

Jumatatu alifanya kitu ambacho hakuagizwa. Kila kishikwambi kilirekodi mahali fomu ilipojazwa, lakini ripoti haikuhitaji ramani, kwa hiyo hakuna aliyejishughulisha nayo. Alizimwaga nukta zote juu ya ramani ya mji, ile ya picha zilizopigwa kutoka angani. Wekundu na wa bluu walijipanga sokoni, safu kwa safu, kama watu walioitwa mkutanoni. Wa kijani hakuwaona. Alidhani wamepotea, akarudisha ramani nyuma, akaona kilima kidogo cha kijani mbali kabisa na soko, nukta juu ya nukta, zote mahali pamoja.

Akakisogelea. Barabara ya lami ikaisha. Ikaja njia ya vumbi, kona, tangi la maji, bati la bluu lenye kiraka cha bati jipya. Kiraka hicho alikijua. Alimshikia mumewe ngazi siku kilipopigiliwa.

Mwenzake mmoja alipita nyuma ya kiti chake, na Mama Pacha akajikuta ameiziba skrini kwa kiganja, kama mtoto anayeficha daftari la hesabu. Mwenzake alipokwisha kupita aliangalia namba ya mhojaji. Kumi na nne. Namba kumi na nne alikuwa wifi yake, mdogo wa mwisho wa mumewe, aliyeishi nao tangu alipomaliza shule. Kazi hiyo alimtafutia yeye mwenyewe. Kwenye fomu ya udhamini kulikuwa na jina lake na sahihi yake.

Tangu jioni hiyo aliingia nyumbani kwake kama mgeni. Alimtazama wifi yake akiwasuka pacha, akawaza: vidole hivi. Alimtazama akicheka na simu, akawaza: anacheka na nani? Chakula alikila bila kujua kina chumvi au hakina. Siku ya pili uvumilivu ukamwisha, akamfuata jikoni jioni, ambako yule binti alikuwa anaosha vyombo.

"Wifi, mwezi uliopita, ile wiki ya mwisho, Jumanne mpaka Alhamisi. Kazi ulifanyia wapi?"

Wifi aliendelea kuizungusha bilauri mkononi. "Sokoni, si ndiko tulikotumwa?"

"Kompyuta inasema ulikuwa humu ndani."

Bilauri ikatulia. Mlangoni akatokea Bibi, mama mzazi wa Baba Pacha na wifi, ambaye masikio yake yalikuwa mazito kwa kila jambo isipokuwa lililomhusu mwanawe.

"Kompyuta ndiyo iliyomzaa?" Bibi aliuliza.

"Mama, mimi nilimdhamini. Nimeweka jina langu."

"Basi liondoe hilo jina. Mwanangu si wa kuhojiwa kwenye masufuria kama mwizi wa sukari."

"Kama kompyuta inasema hivyo," wifi alisema taratibu, "basi ni hivyo." Akatoka na mikono yake imelowa.

Kilichofuata Mama Pacha alikikumbuka kwa aibu miaka mingi baadaye. Alisubiri wifi aingie bafuni, akaenda chumbani kwake, akaufungua mkoba uliokuwa mezani. Mwenyewe hakujua alitegemea kukuta nini. Labda karatasi, labda jina la aliyemtuma. Alikuta kitana, kitambulisho, pipi mbili, na bahasha ndogo ya zahanati yenye vidonge vya homa vilivyobaki. Juu ya bahasha paliandikwa tarehe. Jumanne, ile ile.

"Tafuta na chini ya mto, wifi." Yule binti alikuwa amesimama mlangoni, kanga imemganda mwilini. "Usiache mahali."

Mama Pacha alishika bahasha kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. Sasa alikumbuka yote. Siku tatu zile yeye ndiye aliyekuwa akiloweka kitambaa na kukiweka kwenye paji la uso la binti huyu kabla ya kwenda kazini. Binti alikuwa hawezi kushika hata kikombe.

"Ulikuwa mgonjwa."

"Nilikuwa mgonjwa."

"Na kishikwambi alikuwa nacho nani?"

Wifi alimtazama Bibi, aliyekuwa amemfuata nyuma. Bibi akatazama sakafu.

"Usiniulize mimi," wifi alisema. "Mimi ninalala kwenye nyumba ya kaka yangu."

* * *

Kesho yake ofisini alifungua fomu zenyewe, si zile zilizopita kwenye programu. Programu ilikuwa na tabia ya kugeuza maandishi yote kuwa herufi ndogo kabla ya kuyapanga, ili neno moja lisihesabiwe mara mbili. Hakuwahi kuwa na haja ya kutazama yalikuwaje kabla ya hapo. Akafungua ya kwanza, ya pili, ya kumi. SOKO JIPYA LITALETA NAFUU KWA MFANYABIASHARA MDOGO. Herufi kubwa tupu, mwanzo mpaka mwisho. Alichapisha moja, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pochi.

Asubuhi iliyofuata, pacha walipokwisha kwenda shule, aliikunjua mezani mbele ya mumewe. Baba Pacha aliisoma kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

"Nani mwingine ameiona?"

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

Akavuta kiti akakaa. "Dalali wa vibanda alikuja kuniona. Alisema soko linahama, tukipenda tusipende, hayo maoni ni ya kupamba tu. Akasema wanaosaidia watapewa vibanda mbele, langoni. Wanaokaidi watapewa huko nyuma. Mama Pacha, kufuli ni biashara ya langoni. Ukimweka fundi kufuli nyuma umemzika."

"Ukachukua kishikwambi cha mgonjwa."

"Kilikuwa kimelala tu. Mama alisema nikae karibu na mdogo wangu, nami nikakaa. Nikawa najaza."

"Safu ya saba, kibanda cha thelathini na moja. Unajua fika hakipo."

"Ndiyo maana nilikiandika." Alisema hivyo karibu kwa fahari. "Nisingeweza kumsemea mtu aliyepo. Muuza vitunguu nimemtengenezea kufuli miaka yote hii, nitamsemea vipi? Nikawasemea wasiokuwepo."

"Na mimi nimemsachi dada yako. Nimefungua mkoba wake, na wewe unajua. Juzi ulikaa hapo hapo ukala, unajua."

 Baba Pacha akaikunja ile karatasi upya, akaisogeza upande wa mkewe kwa kidole kimoja.

"Nukta sitini kati ya elfu na mia mbili. Nani atazijali? Wewe na mimi ni kitu kimoja. Ukiniandika mimi umejiandika."

"Sitini na tatu," alisema Mama Pacha, akachukua pochi yake.

Njia nzima aliwaza jambo lingine. Dalali wa vibanda alijuaje kwamba kwa fundi wa makufuli kuna kishikwambi?

* * *

Ijumaa hiyo Bwana Rangi aliusoma ukurasa mara mbili.

"Tafakari ya Wiki ya Tano. Kundi la kijani si kundi. Ni mtu mmoja, aliyejaza fomu sitini na tatu ndani ya siku tatu, katika nyumba moja isiyo sokoni. Vibanda alivyovitaja havipo. Mhojaji namba kumi na nne alikuwa mgonjwa siku hizo na hakujaza hata moja. Watu wa kweli, hata wakikubaliana, hawafanani hivi. Napendekeza fomu hizi ziondolewe na safu ya saba iulizwe upya. Ramani imeambatishwa."

"Nyumba ya nani?" aliuliza.

"Yangu."

"Na huyo mtu?"

"Mume wangu."

Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, Bwana Rangi alikaa. Aliongea kwa upole, kama daktari. "Dada, una familia. Tunaweza kuandika kwamba ni hitilafu ya mtandao. Ramani tukaiacha. Hata mimi sikuona umuhimu wake."

"Uliiona lini, Mkuu?"

"Nini?"

"Ramani. Mimi nimeichora Jumatatu, na sijamwonyesha mtu. Umesema hukuona umuhimu wake."

Bwana Rangi aliinua kikombe, akanywa. Mama Pacha, aliyekuwa amesimama juu yake, aliona kwamba kikombe kilikuwa kitupu.

Alirudi mezani pake akautuma ukurasa, pamoja na ramani, kwa wale watu saba waliokuwa wakiupokea kila Ijumaa. Mmoja wao alikuwa ofisi ya mteja yenyewe. 

Yaliyotokea baadaye hayakumfurahisha mtu. Fomu za kijani ziliondolewa, na mteja, kwa kuogopa magazeti, akaagiza maoni yakusanywe upya na ofisi nyingine. Wifi aliachishwa kazi, homa au si homa, kwa sababu kishikwambi kilikuwa dhamana yake. Mama Pacha alihamishiwa mapokezi, akawa anagawa vitambulisho vya wageni na kuwaonyesha choo kilipo. Bwana Rangi alibaki mahali pake, na asubuhi alimsalimia kwa heshima kupita zamani. Dalali hakuonekana tena sokoni.

"Nisamehe, wifi," Mama Pacha alisema, siku barua ya kuachishwa ilipofika.

"Nimekusamehe," yule binti alijibu, na ilikuwa kweli. "Ila mkoba wangu siuachi tena mezani."

Habari zilifika sokoni, lakini hakuna aliyemtukana fundi. Afadhali wangemtukana. Walikuja mmoja mmoja, kwa adabu, mikono nyuma. "Fundi, naomba ule ufunguo wangu wa akiba, nina shida nao kidogo." Muuza unga alikuwa wa kwanza. Muuza vitunguu alimtuma mwanawe, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kabla wiki haijaisha ubao ulikuwa na misumari na majina tu.

Nyumbani alipunguza maneno. Bibi alimlaumu mkwewe kwa wiki mbili kamili, akisema mwanamke anayefua nguo za nyumbani barabarani asishangae zikiibiwa. Kisha siku moja, wakichambua mchele pamoja, akasema bila kumtazama: "Mimi nilimwona anajaza. Nilidhani anacheza mchezo." Mama Pacha hakumwamini, na hakumwambia.

* * *

Wahojaji wa ofisi mpya walikuwa na masharti makali. Kila mfanyabiashara alihojiwa nyumbani kwake, akiwa peke yake, mlango umefungwa. Aliyekuja kwao alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Naomba wengine mtupishe," alisema. "Msichukie. Ndio utaratibu."

Wakatoka uani: Bibi, wifi, pacha na mama yao. Kupitia dirishani waliona kisogo cha Baba Pacha na midomo ya yule mwanamke ikienda. Hawakusikia kitu. Alikaa wima, viganja magotini, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kuna swali moja lililomchukua muda mrefu; walimwona akifuta uso kwa mkono.

"Atasema nini?" Bibi alinong'ona.

"Mama, huko ndani ni siri yake," Mama Pacha alisema.

"Siri gani baina ya mtu na mkewe?"

 Yule mwanamke akatoka, akavaa viatu, akaaga kila mmoja kwa mkono, hata pacha, akaenda zake na kishikwambi chake kwapani.

Baba Pacha alikuja akasimama kando ya mkewe kwenye kamba ya nguo. Alichukua shati lililokauka, akaanza kulikunja vibaya, kama alivyokunja siku zote. Ilionekana amejiandaa.

"Nimekataa," alisema. "Nimemwambia soko libaki pale pale. Na sababu zangu nimezitoa, tatu."

"Vizuri," alisema Mama Pacha.

"Nilitaka wewe ujue."

"Nimesikia, Baba Pacha."

Alimtazama usoni, na uso ulikuwa mnyofu, uso wa mtu aliyechoka na anayesema kweli. Akamwonea huruma. Huo ulikuwa mwaka wa kumi na mbili wa ndoa yao, na ilikuwa mara ya kwanza mumewe amwambie jambo, naye atamani kuiona fomu.